Taa za usiku juu ya bastola: kinachong'aa ni silaha, siyo mtu aliye mbele yake

Ni saa nane ya usiku katika nyumba moja ya Marekani. Umeme umezimwa, na kishindo kimesikika upande wa jikoni. Mwenye nyumba anafungua kisanduku kilicho karibu na kitanda, anashika bastola yake, anainyoosha mbele. Hapo anatambua jambo ambalo halikumsumbua hata siku moja alipojizoeza mchana: haoni kitu juu ya silaha yake. Kile kichuma cha mbele, ambacho jicho linapaswa kukipanga katikati ya kile cha nyuma, kimemezwa na giza. Bastola nzima imekuwa kivuli ndani ya kivuli.

Picha hiyo ndiyo inayouza vilengeo vya usiku. Kila muuza silaha huko anajua kuieleza, na wanunuzi wengi wanatoa pesa kabla hajamaliza. Ni bidhaa ndogo sana, vichuma viwili vinavyoenea katika kiganja cha mtoto, lakini seti moja inaweza kufika dola 100 na kuzidi. Nyuma ya vichuma hivyo kuna historia inayopita Katanga, karibu na Likasi, na kuna swali ambalo mwanga wenyewe hauwezi kulijibu.

Vilengeo ni zile alama mbili zilizo juu ya silaha. Moja iko mbele, karibu na mdomo. Nyingine iko nyuma, na ina pengo katikati. Mpigaji anatazama kupitia pengo la nyuma mpaka kile cha mbele kikae katikati yake, nafasi ya kushoto na ya kuume zikiwa sawa, vichwa vikiwa kwenye mstari mmoja. Kisha anaviweka juu ya shabaha. Askari yeyote aliyepita mafunzoni, iwe Kamina au Rumangabo, anajua zoezi hilo.

Juu ya bastola ndogo, zoezi hilo ni gumu zaidi. Bastola ndogo inayozungumzwa hapa siyo kitu cha kuchezea cha mfukoni. Ni silaha kamili iliyopunguzwa mdomo na mpini ili ifichwe chini ya shati. Mfano unaojulikana sana ni Glock 19 ya kampuni ya Austria, iliyotoka mwaka 1988. Ni mdogo wake Glock 17, ambayo jeshi la Austria liliichagua mwaka 1982. Kwenye Glock 17, kutoka kilengeo cha nyuma mpaka cha mbele ni karibu milimita 165. Kwenye Glock 19 ni karibu milimita 153. Kwenye Glock 43, ambayo ni nyembamba zaidi, nafasi hiyo inashuka mpaka karibu milimita 132.

Tofauti hizo zinaonekana kuwa bure mpaka mtu apige hesabu. Kilengeo cha mbele kikikosea nafasi yake kwa milimita moja tu, kwa mtu aliye mita 10 mbele sasi la Glock 17 litapotea karibu sentimita 6. La Glock 43 litapotea karibu sentimita 7 na nusu. Na milimita moja gizani ni kitu kidogo mno: mkono unaotetemeka kwa hofu unaipita mara nyingi. Kadiri bastola inavyofupishwa, ndivyo jicho linavyodaiwa kuona vizuri zaidi, na ndivyo vilengeo vibaya vinavyomgharimu mwenye silaha. Glock zenyewe, kwa kawaida, zinatoka kiwandani na vilengeo vya plastiki vyenye alama nyeupe. Mchana zinatosha. Usiku rangi nyeupe inahitaji mwanga ili ionekane, na mwanga ndio uliokosekana.

Mwanga usiohitaji betri

Ndani ya kilengeo cha usiku kuna kijichupa cha kioo, chembamba kuliko kijiti cha kiberiti. Ukuta wake wa ndani umepakwa unga unaong'aa, na katikati imefungwa hewa iitwayo tritiumu. Tritiumu ni ndugu mzito wa hidrojeni, ile hidrojeni iliyo ndani ya maji. Tofauti yake ni kwamba inaoza: kila wakati baadhi ya chembe zake zinavunjika na kurusha vijichembe vya elektroni. Vijichembe hivyo vikigonga unga, unga unatoa mwanga. Hakuna betri, hakuna swichi, hakuna haja ya kuuchaji juani. Usiku na mchana unang'aa vilevile, ila mchana hauonekani.

Neno nuru ya atomiki linaogopesha, na kwa haki. Lakini nguvu ya tritiumu ni dhaifu mno. Elektroni zake zinakwenda milimita chache tu hewani, haziwezi kupita kioo cha kijichupa, na haziwezi kupenya ngozi ya mtu. Hatari yake ni pale inapoingia mwilini, kwa kuvutwa au kumezwa. Kwa sababu hiyo sheria ya Marekani inamdai leseni mtengenezaji wa vilengeo hivyo, lakini haimdai raia anayevinunua vikiwa vimekamilika.

Vijichupa hivi vinatengenezwa na viwanda vichache duniani. Kimoja kinachojulikana, mb-microtec, kiko Uswisi karibu na Bern. Kampuni za vilengeo, kama Trijicon ya Michigan au Meprolight ya Israeli, zinavifunga ndani ya chuma na kuvizungushia mpira wa kuzuia mtikisiko. Israeli iliingia mapema: bunduki yake ya Galil, iliyoanza kutumika jeshini katika miaka ya 1970, ilikuwa na vilengeo vya tritiumu vya kuinua usiku na kulaza mchana.

Tritiumu ina kasoro moja ambayo muuzaji hapendi kuanza nayo. Inakwisha. Baada ya miaka 12 na miezi michache, nusu yake imeondoka. Baada ya miaka 24 na nusu, imebaki robo. Na unga wenyewe unachoka pia, hivi kwamba macho yanaona upungufu hata kabla ya hesabu kutimia.

Kabla ya tritiumu, jiwe la Shinkolobwe

Taa hizi hazikuanza na tritiumu. Zilianza na radiumu, madini ambayo Marie na Pierre Curie waliyatambua mwaka 1898. Ukichanganya radiumu kidogo na unga wa zinki unapata rangi inayong'aa gizani. Wakati wa vita kuu ya kwanza majeshi yaliipaka kwenye saa za mkono, kwenye dira, na kwenye vilengeo vya silaha, ili askari aone bila kuwasha kiberiti ambacho kingemwonyesha kwa adui.

Mwaka 1915, Robert Sharp, Mwingereza aliyekuwa akitafuta madini kwa ajili ya Union Minière du Haut-Katanga, alikuta mawe ya uraniumu mahali paitwapo Shinkolobwe, karibu kilometa 20 kutoka Likasi, mji ambao Wabelgiji waliuita Jadotville. Radiumu hukaa ndani ya mawe ya uraniumu, kwa kiasi kidogo sana. Mawe ya Colorado huko Marekani yalikuwa maskini. Ili kupata gramu moja ilibidi kusaga tani mamia. Yale ya Shinkolobwe yalikuwa tajiri kupita yote yaliyojulikana. Mwaka 1922 kiwanda cha Olen, Ubelgiji, kilianza kutoa radiumu ya Katanga. Bei ya dunia ikaanguka kutoka zaidi ya dola 100,000 kwa gramu moja hadi karibu dola 70,000, na wachimbaji wa Marekani wakafunga milango. Kwa miaka karibu kumi, mpaka Kanada ilipoanza kuuza yake katika miaka ya 1930, sehemu kubwa ya radiumu iliyouzwa duniani ilikuwa imetoka katika udongo wa Katanga, mawe yakichaguliwa kwa mikono na wafanyakazi Wakongo.

Kile ambacho radiumu inafanya mwilini kilijulikana kwanza Marekani, katika mji wa Orange, New Jersey. Huko wasichana waliajiriwa kupaka namba za saa kwa rangi iliyoitwa Undark. Walifundishwa kuchongoa brashi kwa midomo yao, wakimeza rangi kidogo kila mara. Radiumu ilikaa ndani ya mifupa kama chokaa. Meno yakang'oka, mataya yakaoza, baadhi wakafa. Watano kati yao, wakiongozwa na Grace Fryer, walishitaki kampuni mwaka 1927. Mwaka uliofuata walikubaliana nayo: dola 10,000 kwa kila mmoja, na dola 600 kwa mwaka. Sabin von Sochocky, mtu aliyeivumbua rangi hiyo, alikufa mwaka huohuo wa 1928, damu yake ikiwa imeharibiwa na kazi yake mwenyewe.

Ni haki kusema kwamba radiumu iliyowaumiza wasichana wa kwanza wa Orange ilitoka zaidi Colorado. Ile ya Katanga ilikuja sokoni baadaye. Lakini biashara ilikuwa moja. Wanawake wale walipata wakili na magazeti. Watu waliochagua mawe Shinkolobwe hawakupata kesi kama ile. Mgodi wao unajulikana leo kwa sababu nyingine, kwa kuwa uraniumu wake ndio uliotumika katika bomu la Hiroshima mwaka 1945. Mashimo yalifungwa karibu na wakati wa uhuru, wachimbaji wadogo wakarudi kutafuta kobalti, na mwaka 2004 serikali ilipiga marufuku uchimbaji huo. Miezi michache baada ya marufuku, shimo liliporomoka na kuua watu.

Ndiyo maana mtu anayenunua kilengeo cha tritiumu leo ananunua pia somo lililolipiwa na wengine. Tritiumu ilichukua nafasi ya radiumu kwa sababu ni dhaifu, imefungwa ndani ya kioo, na inakwisha.

Alama tatu, au moja?

Mnunuzi wa Marekani anayeingia dukani anakuta ukuta mzima wa vilengeo. Tofauti nyingi ni mapambo tu. Chache ni za kweli.

Mtindo wa zamani na unaouzwa sana ni wa alama tatu: taa moja mbele, mbili nyuma, zote za kijani, zote na nguvu sawa. Mtu anazipanga kwenye mstari na kufyatua. Unaeleweka mara moja, na hapo ndipo mtego ulipo. Gizani, taa tatu zinazofanana ni taa tatu tu. Mtu mwenye haraka anaweza kuiacha taa ya mbele ikaenda nje, upande wa kushoto au wa kuume wa zile mbili, akaona alama tatu kwenye mstari ulionyooka, akaamini yuko sawa. Mstari ni mzuri; bastola inatazama kwingine kabisa. Kosa hilo halitokei mchana, kwa kuwa jicho linaona umbo la chuma. Linatokea usiku, yaani wakati ule hasa ambao vilengeo hivyo vilinunuliwa.

Dawa yake ni rahisi, na watengenezaji wengi wameishaiweka: taa ya mbele iwe tofauti na za nyuma. Baadhi wanaweka kijani mbele na njano nyuma. Baadhi wanaacha za nyuma zikiwa hafifu zaidi. Wengine wanaweka moja tu nyuma, chini ya pengo, na mpigaji anaisimamisha ya mbele juu yake kama namba nane. Wengine tena wanaondoa mwanga wote wa nyuma na kubakiza taa ya mbele peke yake. Kati ya hizo, bora kwa mtu wa kawaida ni ile inayolipeleka jicho mbele kwanza: taa ya kijani yenye kuzungukwa na duara pana la rangi ya chungwa au njano, na nyuma chuma cheusi chenye taa ndogo au bila taa. Duara hilo linafanya kazi mchana, taa inafanya kazi usiku, na nyuma hakuna kitu cha kugombania jicho.

Rangi ya kijani siyo urembo. Jicho la mtu lililozoea giza linaona kijani kwa urahisi kuliko rangi nyingine, kwa hiyo taa ya kijani inaonekana kali kuliko nyekundu au bluu yenye kiasi kilekile cha tritiumu. Anayechagua nyekundu kwa sababu inapendeza kwenye picha atakuwa na kilengeo kinachozeeka mapema.

Umri wa macho nao unahesabiwa. Kuanzia karibu miaka 40, watu wengi wanaanza kusogeza simu mbali ili waisome. Kilengeo cha mbele kiko umbali huohuo wa mkono. Kwao alama kubwa na pana ni msaada, hata kama inafunika sehemu ya shabaha ya mbali. Bastola ya kujilinda nyumbani haipigi mita 50. Kijana mwenye macho makali, anayependa kupiga karatasi uwanjani, ataona kilengeo chembamba ni bora kwake. Yote mawili ni kweli, na muuzaji anayetoa jibu moja kwa wote anataka kumaliza akiba ya dukani.

Zipo bidhaa nyingine zinazochanganywa na hizi. Nyuzi za plastiki zinazokusanya mwanga zinang'aa sana juani, lakini bila mwanga wa kukusanya zinazimika, kwa hiyo peke yake siyo vilengeo vya usiku. Rangi inayochajiwa kwa tochi haina nuru ya atomiki na bei yake ni ndogo, ila inafifia kadiri usiku unavyokwenda. Bastola iliyokaa kisandukuni tangu jioni itakuwa imezima alfajiri. Na kuna kile kioo kidogo chenye alama nyekundu ya umeme kinachofungwa juu ya bastola. Hicho kimebadilisha mambo mengi: mtu anatazama shabaha tu, alama inaelea juu yake, hakuna vitu viwili vya kupanga, na macho ya uzee hayateseki. Lakini kinataka betri, bei yake mara nyingi ni mara mbili au tatu ya vilengeo, na kwenye bastola ya kuficha kinaongeza kimo. Wengi wanaokifunga bado wanaweka vilengeo vya chuma chini yake, kwa siku betri itakapokufa.

Kabla ya kulipa, mwenye akili anageuza kilengeo na kutazama maandishi. Vilengeo vya tritiumu huandikwa alama H3 pamoja na jina la mtengenezaji, na baadhi vina mwaka. Bastola ya mtumba inayosifiwa kuwa "ina taa za usiku" inaweza kuwa na taa za miaka 15, yaani chini ya nusu ya nguvu ya mwanzo. Njia ya kuhakikisha ni kuingia chumba cha giza, kungoja macho yazoee kwa dakika kadhaa, kisha kutazama. Taa ya kidole ya muuzaji haithibitishi kitu.

Kuvifunga ni kazi ya fundi. Cha nyuma kinasukumwa ndani ya mfereji wa chuma, na kinahitaji kifaa cha kukisukuma taratibu. Anayetumia nyundo anaweza kupasua kijichupa kabla ya usiku wa kwanza. Cha mbele, kwenye Glock, kinashikwa na skrubu ndogo kutoka chini, na skrubu isiyotiwa gundi italegea kwa mtikisiko wa masasi. Viwili vinunuliwe pamoja, kwa kuwa urefu wake unapimwa kwa pamoja. Cha mbele kikizidi kwa nusu milimita tu, kwa mita 10 sasi linashuka zaidi ya sentimita 3. Baada ya kufunga, ni lazima kwenda uwanjani na kupiga mchana, kuona masasi yanaangukia wapi.

Mlango uliofungwa

Hayo yote yakiisha, mwenye bastola amepata nini? Amepata kuona bastola yake. Hajapata kuona kitu kingine.

Ukifikiri vizuri, nafasi ambayo taa hizi zinasaidia ni nyembamba. Penye mwanga wa kutosha, chuma cheusi kinaonekana na taa hazina kazi. Penye giza kabisa, taa zinaonekana vizuri sana, lakini aliye mbele haonekani, na mtu asiyeona aliye mbele yake hana haki ya kufyatua. Mtu wa Bukavu au Goma ambaye umeme unamkatikia katikati ya chakula anajua namna giza la nyumbani lilivyo: mtoto anayekwenda msalani, mgeni wa chumba cha pili na mwizi wote ni kivuli kimoja. Kati ya giza hilo na mwanga kuna saa ya jioni, au taa ya barabarani inayoingia dirishani, pale ambapo uso wa mtu unatambulika lakini chuma cheusi kinapotea juu ya nguo nyeusi. Hapo tritiumu inalipa bei yake. Inalipa pia kwa jambo dogo ambalo watangazaji hawalisemi: kuipata bastola yenyewe ndani ya droo bila kupapasa.

Afrika ina kesi moja inayojulikana na wote. Usiku wa tarehe 14 Februari 2013, Pretoria, mkimbiaji Oscar Pistorius alifyatua masasi manne kupitia mlango wa choo uliofungwa. Nyuma ya mlango alikuwa Reeva Steenkamp, mchumba wake. Pistorius alisema alidhani ni mwizi. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ya Afrika Kusini ilimtia hatiani kwa mauaji, ikieleza kwamba yeyote aliyekuwa nyuma ya mlango ule, mpigaji alijua anaweza kufa, na jina la mtu huyo halibadilishi kosa. Mwaka 2017 kifungo chake kiliongezwa hadi miaka 13 na miezi 5, na Januari 2024 akatoka kwa msamaha wa masharti. Hakuna kilengeo duniani kingebadilisha kitu katika usiku ule. Masasi yalikwenda yalikoelekezwa.

Kanuni hiyo ilikuwepo kabla yake. Jeff Cooper, afisa wa zamani wa jeshi la Marekani aliyefungua shule ya kupiga silaha Arizona mwaka 1976, alifundisha kanuni nne za usalama, na ya nne ni kuhakikisha shabaha yako na kilicho nyuma yake. Walimu wengi wa Marekani wanaomfuata wanamwambia mwanafunzi mwenye pesa za kitu kimoja tu anunue tochi kwanza. Tochi kali inaonyesha uso na mikono, na mara nyingi inamaliza tatizo bila sasi hata moja. Inafanya zaidi: ikimulika ukuta au mtu, vilengeo vyeusi vinaonekana wazi mbele ya mwanga huo, na taa za tritiumu hazihitajiki tena. Wapo wanaoifunga tochi chini ya mdomo wa bastola. Hatari yake ni kwamba kila kinachomulikwa kinaelekezewa silaha pia, mtoto naye, kwa hiyo tochi ya mkono inabaki na nafasi yake hata kwa aliye na ile nyingine.

Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, swali la kuchagua linakuja nyuma sana. Sheria ya silaha ya tarehe 3 Septemba 1985 inamdai raia ruhusa ya serikali kabla ya kuwa na silaha, na bastola isiyo na karatasi ni kosa, iwe inang'aa au haing'ai.

Kwa anayevimiliki vilengeo hivi kihalali, utunzaji ni mdogo. Visichomwe moto wala kupigwa nyundo. Kijichupa kikipasuka, taa inazimika ghafula. Watu watoke chumbani na madirisha yafunguliwe, kwa kuwa hewa hiyo ni nyepesi na inatawanyika haraka. Kisha kilengeo kiokotwe kwa glavu, kifungwe ndani ya mfuko na kurudishwa kwa mtengenezaji. Vilivyozeeka navyo havitupwi jalalani. Kampuni inavipokea na wakati mwingine inaweka taa mpya ndani ya chuma kilekile.

Vya radiumu ni jambo lingine. Saa au dira ya wakati wa vita, ikipatikana ndani ya sanduku la babu, haing'ai tena, na watu wanadhani imekufa. Kilichokufa ni unga wa zinki. Radiumu inahitaji miaka 1,600 ili nusu yake ipungue, na bado iko pale juu ya namba na mishale. Kioo cha saa kama hiyo kisifunguliwe, na rangi yake isikwanguliwe.